Sahihi Nyuma ya Ratiba ya Maji

Dada yangu ni mshona mapazia, na aliyewahi kuishi karibu na mtambo wa umeme unaochoma mafuta mazito anajua kwamba kwa kazi hiyo mtu halali njaa. Watu wa mtaa wetu hawanunui pazia kwa ajili ya urembo. Wananunua kwa sababu madirisha yao hayafunguliwi, na dirisha lisilofunguliwa linachosha kulitazama. Kwa miaka kumi na tisa dada ameingia kwenye vyumba vya watu na futi yake shingoni, akapima upana, akapima urefu, akaandika, akatoka akijua nani analala na nani na nani hawalali pamoja tena. Siri hizo hazitoi. Hilo nampa sifa zake. Kwa mengine yote mdomo wake hauna breki.

Mimi ni mdogo wake kwa miaka saba, na ni karani wa masjala katika idara ya maji. Napokea barua na maombi, nagonga muhuri, naandika namba, na narudisha yale yasiyofuata utaratibu. Kazi hii naijua vizuri. Nasema mapema ili baadaye mtu asinitetee.

Mambo ya mazingira yalimwingia dada mwaka ule mume wake alipoanza kukohoa. Alianza na paneli moja ya sola, akaongeza ya pili. Akatengeneza sanduku la kupikia kwa jua, la mbao na kioo, na akawa anabandika maharage asubuhi, tunayala saa kumi jioni, na bado moja moja yanagonga meno. Mabaki ya jikoni yalikwenda kwenye shimo, maji ya kuogea yalikwenda kwenye bustani, makopo ya mtaa mzima yalikuja kwake yakapandwa mboga. Watoto walimpa jina la Mama Makopo, na wakubwa wakalichukua. Yeye alilipenda. Alikuwa akijitambulisha nalo kwa wateja.

Angeishia hapo tusingekuwa na neno. Lakini dada akijifunza jambo hawezi kulala mpaka na wewe ulijue. Ukifika kwake na mfuko wa plastiki anakupokea mfuko kwanza, salamu baadaye. Nilimpelekea mkate siku moja, akanishika mlangoni mbele ya wateja wawili na kunisomea kuhusu ule mfuko mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Nikamwambia dada, mimi nimekuja na mkate. Akasema mkate umeuona, anazungumzia mfuko.

Karatasi alizipata kwangu. Idara yetu huchapisha ratiba ya mgao wa maji kila robo ya mwaka, maelfu ya nakala, upande mmoja, na kwa kuwa maji hayajawahi kufika siku iliyoandikwa, ratiba hufa kabla haijabandikwa. Mabunda yalikuwa yakijaa stoo. Nilikuwa nambebea dada mzigo mzima, naye alizipenda kama zimetoka benki. Kwake, karatasi iliyochapwa upande mmoja bado ilikuwa na nusu ya maisha yake. Vipimo vya mapazia, stakabadhi, barua kwa wanawe walioolewa mbali, hata orodha ya sokoni, vyote viliandikwa mgongoni mwa mgao wa maji. Mteja akigeuza stakabadhi yake alijua pia ni Jumanne gani alipaswa kuwa na maji.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi wa injini namba tatu huko huko mtamboni. Miaka ishirini na miwili. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa polepole, halafu unakuta umecheka bila yeye kutabasamu. Kazi yake ilikuwa kuingia ndani ya bomba la moshi injini ikizimwa, akiwa na brashi na kitambaa puani, na kukwangua masizi. Akatoka huko mwenyewe kama bomba. Alistaafu kabla ya wakati wake kwa sababu ya kifua, na tangu hapo alikaa kwenye kiti cha kamba barazani, na kile kipampu cha dawa ya kifua mfukoni, akiangalia moshi wa injini yake ukipita juu ya mapaa yetu. Aliweza kukuambia kwa kuutazama tu kama wamebadilisha chujio au wamepuuza. Mara nyingi walikuwa wamepuuza.

Kulala dirisha likiwa wazi ndiko alikokutaka. Hakuomba kupona, alikuwa fundi, alijua kitu kilichokwisha. Alitaka apate usiku mmoja wa hewa ya nje kabla hajaondoka. Alilisema hilo kama mzaha, kwamba ameoa mshona mapazia na hajawahi kuona pazia likipepea. Dada alikuwa akicheka, halafu anakwenda jikoni na kukaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyompeleka.

Basi siku moja nilimsindikiza shemeji kliniki pamoja na dada. Daktari alikuwa kijana, mwenye adabu, na aliuliza maswali yale wanayouliza wote. Nyumbani mnapikia nini, mkaa au kuni? Dada alikuwa amelingoja swali hilo miaka yote. Akajiweka sawa kwenye kiti na kueleza sanduku la jua, paneli, gesi inayotoka kwenye shimo la mabaki, na jinsi nyumbani kwake hakujawashwa kipande cha mkaa kwa miaka minane. Alieleza vizuri. Daktari aliandika yote, kisha akaweka kalamu chini.

"Basi mama, siyo nyumba yako," akasema. "Nyumba yako ni safi. Ni hewa ya mtaa wenu, na hiyo mimi sina dawa yake."

Tulipofika nyumbani alichukua ngazi, ndoo na kitambaa, akapanda juu ya paa. Alikuwa na desturi ya kupangusa paneli kila asubuhi, na asubuhi hiyo alikuwa ameshazipangusa. Kitambaa kilitoka cheusi. Akakisuuza, akapangusa tena, kikatoka cheusi. Nilikuwa chini nimeshika ngazi na nilimwona ameacha kupangusa, amekaa juu ya mabati na kile kitambaa mapajani, anautazama mtambo. Nilimwita mara mbili. Aliposhuka alisema neno moja tu, kwamba amekuwa mjinga. Nikamwambia asijiseme hivyo. Akasema hajisemi vibaya, anahesabu miaka.

Kuanzia hapo alibadilika, na mimi mabadiliko hayo sikuyapenda. Mama Makopo nilikuwa nimeshamzoea. Huyu mpya alisikiliza redio na daftari mkononi. Ndivyo alivyosikia habari za muswada wa nishati safi. Ulikuwa na vifungu chungu nzima, lakini kimoja, cha kumi na nne, kilisema kwamba mitambo ya mafuta mazito iliyo karibu na makazi ya watu izimwe ndani ya miaka mitatu. Kulikuwa na wakubwa waliotaka kifungu hicho kilegezwe. Kamati ya bunge ilikuwa inapokea maombi. Ombi likiwa na sahihi mia mbili au zaidi za wakazi wa eneo moja, litahesabiwa ombi la wakazi, na kamati italazimika kulijibu katika taarifa yake. Likiwa na pungufu, ni la mtu binafsi, na halisikilizwi mpaka mwombaji afike mwenyewe mbele ya kamati. Mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa, saa kumi jioni.

Dada alikuwa na siku kumi. Akafunga cherehani.

Nani angeweza kukusanya sahihi kumzidi? Kila mlango ulikuwa umeshamfungulia. Alikwenda na futi yake shingoni kwa mazoea tu, akaingia vyumbani mle mle, akaonyesha pazia lililokuwa jeupe alipolishona, akauliza limekuwa rangi gani. Hakuhitaji hotuba. Mwanamke mmoja ambaye hajawahi kumsalimia tangu wagombane juu ya makopo alitia sahihi, akaita na wakwe zake. Wazee wasioandika waliweka dole gumba. Kila karatasi ilikuwa na maneno ya ombi juu yake, ameyaandika kwa mkono, kwa herufi zile za shule zilizonyooka, na mistari ameichora kwa rula. Na kila karatasi ilikuwa ratiba ya mgao wa maji.

Niliziona siku ya kwanza kabisa. Nilizileta mimi.

Idara yetu, na nadhani ofisi yoyote ya serikali, ina utaratibu mmoja ambao mtu wa nje haujui kwa sababu haujaandikwa mahali anapoweza kuuona. Karatasi ya ombi huwa tupu nyuma. Ikiwa na maandishi mengine nyuma, hairuhusiwi kuingia kwenye faili, kwa kuwa haijulikani mtu ametia sahihi kwenye kitu gani, na kwa kuwa aliyetia anaweza kesho kukana. Kabla ya kugonga muhuri naigeuza karatasi. Ni jambo la kwanza nililofundishwa na hulifanya bila kufikiri, hata barua za kwangu mwenyewe. Nimewarudisha watu waliotoka mbali, wazee kwa vijana, kwa sababu ya hesabu za dukani nyuma ya ukurasa.

Jumatano, siku mbili kabla ya mwisho, nilipita kwa dada nikitoka kazini. Nilikuwa nimechoka. Siku ile mkuu wangu alikuwa amenipa vidonge vyangu mbele ya watu kwa faili ambalo yeye ndiye aliyelipoteza. Nilikuwa na mfuko wa plastiki, nikauficha ndani ya mkoba kabla sijapiga hodi, na kule kuuficha kulinitia hasira. Mtu mzima, na mvi kichwani, namficha dada mfuko. Ndani nikamkuta amepanga karatasi mezani kwa mafungu, ana furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu kliniki. Alikuwa na sahihi mia nne na kumi na moja, na ya kwangu ikiwamo. Iliyobaki ilikuwa ya shemeji.

Shemeji alikuwa amechelewa kwa sababu zake. Mtambo ule ndio uliomlisha, ndio uliosomesha wanawe, na wenzake wawili watatu walikuwa bado humo. Siku zote nane alikuwa anatazama wake zao wakitia sahihi na yeye ananyamaza. Jumatano hiyo akasema yuko tayari. Dada akamsogezea karatasi. Shemeji akaiinua, akaigeuza, akasoma ile ratiba kwa utulivu mpaka chini.

"Mimi nimekwangua lile bomba miaka ishirini na miwili," akasema, na kila maneno matatu alivuta pumzi. "Jina langu siliweki nyuma ya maji yasiyotoka."

Dada akaona ni maringo. Akamwambia karatasi ni karatasi, na kukata miti ili mtu aandike jina lake kwa fahari ndiyo mambo yaliyotufikisha hapa. Shemeji akatikisa kichwa tu. Wakavutana kidogo, kwa upole, kama walivyozoea. Kisha dada akanigeukia mimi niliyekuwa nimeegemea mlango.

"Karani, wewe ndiye mwenye kujua. Si ni sawa tu hivi?"

Na mimi nikajibu, "Ni sawa tu."

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilinifanya niseme vile. Ningependa kusema nilisahau. Sikusahau. Shemeji alipoigeuza ile karatasi, mkono wangu ulishtuka, maana nilitazama mtu akifanya kazi yangu. Nilijua pale pale. Lakini nilijua vile vile kwamba nikilisema, dada atavaa viatu na kunikokota mlango kwa mlango kuanzia saa hiyo mpaka Ijumaa, tukizirudia sahihi mia nne, na mimi nilitaka kwenda kwangu nikalale. Nilijiambia kule bungeni hakuna atakayezitazama. Nilijiambia hii ni kama sanduku la maharage, itapita. Na ndani kabisa kulikuwa na kitu kidogo, kichungu, kilichotaka huyu mwanamke anayenifanya nifiche mifuko akosee mara moja, na karatasi zake za kuokoa dunia. Hicho kidogo nacho nakitaja, kwa kuwa kilikuwapo.

Shemeji alitoa kwenye sanduku lake daftari la kuandikia barua alilopewa siku ya kustaafu, halijawahi kufunguliwa. Alhamisi asubuhi yote ilimwishia kwenye ukurasa mmoja. Aliandika alikuwa nani, injini ipi, chujio lilipaswa kubadilishwa mara ngapi na lilibadilishwa mara ngapi. Aliandika kwamba hamchukii mtu. Aliandika kwamba anaomba kifungu cha kumi na nne kibaki kama kilivyo. Akatia sahihi, akaikunja mara moja, akampa mkewe.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini nikamsindikiza dada. Sijui kwa nini. Labda nilitaka niwe na uhakika kwamba nilikuwa na haki ya kusema ni sawa tu. Tulifika bungeni saa tisa kasoro. Karani wa kamati alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba, mbele yake muhuri na kidau cha wino, kila kitu kama mezani kwangu. Akapokea bunda, akampongeza dada, akasema ni majina mengi kuliko aliyopokea wiki nzima. Akachukua karatasi ya juu. Akaigeuza.

Nilitazama ukutani.

Alizigeuza zote, moja moja, hakuruka hata moja, na hilo siwezi kumlaumu. Kisha akaeleza kwa upole sana. Dada alidhani ni mzaha. Akamwonyesha upande wa mbele, majina, namba za nyumba, madole gumba. Akasema watu hawa wapo, wote, anajua mpaka upana wa madirisha yao. Yule mama akasema anaamini. Akasema yeye angeweza kuzipokea lakini zitatupwa hatua ya pili, na itaandikwa kwamba wakazi walileta karatasi zenye shaka, na hiyo itakuwa mbaya kuliko kutoleta. Dada akauliza kama anaweza kupewa mpaka Jumatatu. Haikuwezekana. Kila jibu nililijua kabla halijatoka, kwa kuwa ni yale yale ninayowapa watu mimi, na kwa sauti ile ile.

Mwisho kabisa ikabaki karatasi moja ya daftari, iliyokunjwa mara moja. Akaigeuza. Nyuma ilikuwa tupu. Akagonga muhuri.

"Hii nimeipokea," akasema. "Itaingia kama ombi la mtu mmoja. Ataitwa."

Dada hakulia. Alizipanga zile mia nne na kumi na moja, akazitia kwenye kapu lake, tukarudi. Alimweleza mumewe kila kitu, naye shemeji alisikiliza mpaka mwisho na kusema kwamba basi itabidi apige pasi shati. Siku zile bado tulicheka.

Kisha ikaja baridi. Wakati wa baridi moshi haupandi. Unatoka kwenye bomba na kulala juu ya mtaa, na mpaka saa nne asubuhi taa za baraza huwa zinawaka. Dada alibandika vitambaa vilivyoloweshwa kwenye kila upenyo wa nyumba. Alishona pazia la tabaka tatu. Alitoa machungu yake yote kwenye lile pazia, sijapata kuona mshono wa namna ile. Shemeji aliuliza kila siku kama barua imekuja, na kila siku alivuta pumzi mara moja zaidi kati ya neno na neno. Alifariki mchana, siku ya kazi, chumbani, dirisha limefungwa. Mimi nilikuwa masjala nagonga mihuri.

Tulimzika. Siku tisa baadaye barua ikafika, kwa jina lake, kwa heshima zote, ikimwalika afike mwenyewe mbele ya kamati kutetea ombi lake.

Dada alikwenda. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, na mkononi alikuwa na ile barua na cheti cha kifo, vyote viwili ndani ya bahasha mpya. Mimi nilikaa viti vya nyuma vya wageni. Ukumbi ulikuwa na zulia, na madirisha makubwa, na pazia ambazo najua alizipima kwa macho hata siku ile. Mwenyekiti wa kamati akasoma jina la shemeji na kuuliza kama mwombaji yupo. Dada akasimama na kusema hayupo, yeye ni mjane wake, na akapeleka cheti mbele. Wakanong'onezana. Mwenyekiti akampa pole, na nadhani ilikuwa pole ya kweli. Kisha akaeleza kwamba ombi la mtu binafsi haliwezi kuendelea bila mwombaji, na kwa hiyo linafutwa, lakini kwa kuwa mama amefika, kamati inampa dakika mbili kama mwananchi.

Nilijua dada anaweza kusema saa mbili. Siku ile hakumaliza hata dakika moja.

"Nimepika kwa jua miaka minane," akasema. "Nilidhani nikisafisha kwangu, kwangu kutakuwa safi. Nimezima kila kitu kinachotoa moshi nyumbani kwangu. Mume wangu amekufa kwa moshi ambao sikuuwasha, na siwezi kuuzima. Nyinyi mnaweza. Sina zaidi ya hapo."

Akakaa. Mmoja wao aliandika kitu. Wakaendelea na jambo lililofuata, ambalo lilikuwa juu ya ushuru wa betri.

Mapendekezo yalisomwa saa nane, siku hiyo hiyo. Kifungu cha kumi na nne kilibaki, lakini miaka mitatu ilikuwa imegeuka kumi na mitano. Sababu zilikuwa nne. Ya tatu ilisema kamati haikupokea ombi lolote halali kutoka kwa wakazi wanaoishi jirani na mitambo hiyo, jambo linaloashiria kwamba athari zake zinavumilika.

Tulitoka. Nje ya ukumbi kulikuwa na kiti kirefu cha ubao, na dada alisema anataka kukaa kidogo kabla ya kurudisha beji za wageni tulizopewa mlangoni. Nikakaa karibu naye. Watu walipita na mafaili yao. Usiniambie kwamba shemeji angekufa tu hata sahihi zingepokelewa. Hilo najua, na nimeshalijaribu, halisaidii. Alikufa akijua kwamba katika mtaa mzima, kwa upande wa serikali, ni yeye peke yake aliyelalamika. Na watoto wanaozaliwa sasa pale kwetu watavunja ungo na kubalehe chini ya bomba lile.

Dada alikuwa anautazama mlango wa ukumbi. Aliniuliza bila kunigeukia.

"Siku ile shemeji yako alipoikataa karatasi, nilikuuliza. Ulikuwa unajua?"

Nilikuwa na uongo tayari. Nilikuwa nimeuandaa tangu ile Ijumaa, uongo mzuri, kwamba ofisi hazifanani, kwamba sisi kwetu tunazipokea. Nikafungua kinywa niutoe.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa kipimo na kukuta ni kile kile alichokisia. Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angeipandisha.

"Yeye angekusamehe," akasema. "Alikuwa na moyo mpana. Mimi sina, mdogo wangu. Sijui kama nitaupata."

Akainuka, akanyoosha nguo yake, akaenda kusimama kwenye mstari wa watu waliokuwa wanarudisha beji za wageni. Nilimfuata, nikasimama nyuma yake.